Je, wajua kwa nini mkimbizi huiacha feri ya bei chee na kupanda boti ya mpira?

Mwaka 2015 watu zaidi ya milioni moja walivuka bahari kuingia Ulaya, wengi wao Wasyria, Waafghani na Wairaki. Zaidi ya 3,700 walikufa au hawakuonekana tena. Wengi walipitia pwani ya Uturuki kwenda visiwa vya Ugiriki, na huko kulikuwa na kioja. Kati ya mji wa Bodrum na kisiwa cha Kos kuna feri ya watalii ambayo nauli yake ni makumi ya yuro tu. Nafasi kwenye boti ya mpira ya magendo, safari ileile, gizani, mara nyingi ilifika yuro elfu moja na kuzidi.

Kwa miaka mingi nilikuwa na jibu tayari: umaskini. Namwona mtu kwenye televisheni amelowa chepechepe, nahitimisha kwamba hana nauli. Hesabu ndiyo iliyoniumbua, kwa sababu aliyelipa elfu hawezi kushindwa na makumi. Nikahamia jibu la pili, kwamba wanajificha. Nalo halikudumu, maana waliofika Kos na Lesbos hawakukimbilia vichakani. Walitafuta polisi ili waandikishwe, na aliyejificha haulizi foleni inaanzia wapi.

Jibu langu la tatu nililitetea hadi barazani, na ndilo lililokuwa bovu kuliko yote. Nilisema kwenda nchi ya watu kuomba hifadhi bila viza ni kosa, kwa hiyo mwenye feri anakwepa kushiriki kosa. Kumbe Mkataba wa Geneva wa 1951 kuhusu wakimbizi, ambao hata Tanzania na Kenya zimo, unasema katika kifungu cha 31 kwamba mkimbizi aliyetoka moja kwa moja mahali penye hatari asiadhibiwe kwa kuingia bila kibali, mradi ajitokeze kwa mamlaka bila kuchelewa na aeleze sababu ya msingi. Waliouandika walikuwa wametoka kuishuhudia Vita Kuu ya Pili. Walijua kwamba anayekimbia risasi hapitii kwanza ofisi ya pasipoti. Maneno “moja kwa moja” yana ubishi wake: Msyria aliyekaa Uturuki miaka miwili kabla ya kuvuka, ametoka moja kwa moja? Wanasheria wangali wanavutana. Lakini kuomba hifadhi kwenyewe si kosa. Tatizo ni kwamba kwa kawaida huwezi kuiomba ukiwa kwenu. Sharti uwe umefika.

Basi fikiria harusi ya kadi pale Dar es Salaam. Mwenye shughuli amekula kiapo mbele ya ukoo mzima: yeyote atakayefika mlangoni akisema anafukuzwa na fisi atasikilizwa kwanza, awe na kadi, asiwe nayo. Hawezi kukivunja kiapo, mashahidi ni wengi. Ila ukumbi una viti vyake, na chakula kimepigiwa hesabu. Afanyeje? Anakwenda kijiweni kwa madereva wa bajaji na kuwaambia: atakayemshusha kwangu mtu asiye na kadi nitamtoza faini ya mapato ya mwezi, na atamrudisha alikomtoa kwa mafuta yake mwenyewe. Amemaliza. Kiapo kiko palepale, mlangoni hakukataliwa mtu. Hakuna aliyefika tu.

Sasa turudi kijiweni. Anatokea mtu anahema, shati limechanika. Huenda kweli kuna fisi nyuma yake. Dereva hakusomea mambo ya fisi; analo swali moja tu, kadi iko wapi. Akimpakia anayestahili hapati bonasi, akimpakia asiyestahili analipa. Akimkataa yeyote yule halipi hata senti. Si lazima dereva awe na roho mbaya ndipo mtu aachwe barabarani. Inatosha ajue hesabu.

Faini hizo za wasafirishaji zina umri mrefu. Marekani tangu 1891 iliziagiza kampuni za meli zirudishe kwa gharama zao abiria waliokataliwa. Uingereza ilitunga sheria yake 1987, pauni 1,000 kwa kila abiria asiye na nyaraka, baadaye zikawa 2,000. Umoja wa Ulaya una Direktivu ya 2001/51, inayozitaka nchi wanachama ziweke faini ya kuanzia yuro 3,000 kwa kila abiria, au yenye ukomo usiopungua 5,000. Weka tarakimu hizo kando ya nauli ya feri ya Kos uone mwenye feri anakaa upande gani.

Kwa haki, direktivu yenyewe inasema faini zisiathiri wajibu wa nchi kwa waombaji hifadhi, na Ufaransa huacha kumtoza msafirishaji iwapo ombi la hifadhi la abiria halionekani wazi kuwa halina msingi. Ila msamaha huo hujulikana baadaye, na dada wa kaunta anaamua sasa hivi, foleni ikimpumulia. Skrini yake ina Timatic, mfumo wa IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani, unaoonyesha nyaraka zinazodaiwa kwa kila uraia na kila nchi unakokwenda. Hauna habari na vita. Niliwahi kumwona dada mmoja wa hivyo kwenye uwanja wetu wa ndege akiipekua pasipoti ya mzee aliyenitangulia ukurasa baada ya ukurasa, nikamsonya moyoni kwamba anajifanya Uhamiaji. Siku hizi naona ndiye Uhamiaji hasa. Wenye sare wanaomsubiri mzee ng'ambo watawaona wale tu ambao yeye amewapitisha.

Utasema, si mtu aombe viza? Viza ya matembezi ya Schengen, eneo la nchi za Ulaya zenye viza moja, inamtaka mwombaji auridhishe ubalozi kwamba atarudi kwao. Mkimbizi akisema kweli ananyimwa kwa ukweli wake. Familia moja ya Aleppo, Syria, ilijaribu njia hiyo peupe mwaka 2016, kwenye ubalozi wa Ubelgiji mjini Beirut: tunaomba viza ili tukifika tuombe hifadhi. Kesi ikapanda hadi Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, nayo ikaamua tarehe 7 Machi 2017 kwamba sheria za Umoja haziilazimishi nchi kutoa viza ya namna hiyo; ikitaka, itoe kwa sheria yake yenyewe.

Kuna kipande kimoja nakipenda kwa ugeni wake. Raia wa nchi kadhaa, zikiwemo Kongo ya Kinshasa, Somalia, Ethiopia na Eritrea, wanahitaji viza hata ya kubadilisha ndege kwenye viwanja vya Schengen, bila kutoka nje ya jengo. Viza ya kukaa kwenye kiti cha kusubiria! Hofu iliyopo ni kwamba kati ya ndege na ndege mtu ameshafika, na aliyefika anaweza kuomba.

Nisiubebeshe mfumo huu kila msiba, lakini. Faini haikuanzisha vita ya Syria. Wale Waethiopia zaidi ya 40 waliokutwa wamekufa mkoani Dodoma Juni 2012, baada ya kukosa hewa ndani ya lori, walikuwa kwenye njia ya kusini ambayo watu huifuata kwa sababu nyingi, kazi ikiwemo. Na madhara ya faini ni magumu kupima, kwa kuwa aliyegeuzwa kaunta haandikwi kwenye takwimu za waombaji hifadhi.

Ila nahodha wa feri ya Kos bado ananifurahisha kwa uchungu. Akiwa gatini, kumpakia mtu asiye na viza ni faini. Akishang'oa nanga na kumkuta mtu huyohuyo anaelea baada ya boti ya mpira kupasuka, mkataba wa SOLAS wa 1974 kuhusu usalama wa maisha baharini unamlazimisha kwenda kumwokoa, bila kujali uraia wake wala hadhi yake. Huyo haulizwi kadi.