Satyabhama: Kutoka Jukwaa la Kitelugu Hadi Sinema

Satyabhama alikuwa tajiri, mrembo na mwenye wivu, na alitaka mumewe awe wake peke yake. Mume mwenyewe ni Krishna, anayeabudiwa na Wahindu, na nyumbani kulikuwa na wake wengine, Rukmini akiwa wa kwanza. Ndipo akaja Narada, mjumbe wa mbinguni asiyeishiwa fitina, akampa ushauri: mtoe mumeo sadaka kwa mtu wa dini, kisha mkomboe kwa dhahabu yenye uzito sawa na wake, naye hatakuponyoka tena. Satyabhama akakubali, akamkabidhi mume kwa Narada huyohuyo. Siku ya kupima, vito vyote vya nyumba vikarundikwa, lakini kitanga alichokalia Krishna hakikunyanyuka. Ikabidi bibi mwenye kiburi amwendee mke mwenzake. Rukmini akaweka jani moja la tulasi, mmea wa jamii ya mrihani, na mizani ikageuka.

Kisa hiki ndicho mwandishi Muttaraju Subbarao alichokifanyia tamthilia ya Kitelugu ya Sri Krishna Tulabharam, yaani kupimwa kwa Krishna kwenye mizani. Kupima mtu kwa sadaka bado ni ibada hai nchini India. Hekaluni Tirumala, kwa mfano, muumini huweza kutoa sukari au sarafu zenye uzito wake.

Wengi wetu Afrika Mashariki tunaposema sinema ya Kihindi, tunakumbuka filamu za Mumbai. Watelugu wako kusini zaidi, katika majimbo ya Andhra Pradesh na Telangana. Wana lugha yao, yenye wasemaji zaidi ya milioni 80, na sinema yao. Sinema hiyo ilizaliwa jukwaani. Filamu yao ya kwanza yenye sauti, Bhakta Prahlada ya mwaka 1932, ilitokana na mchezo wa jukwaani na ilichezwa na wasanii wa Surabhi, kundi la familia za waigizaji lililoanza mwaka 1885. Sababu yake ni rahisi kuiona. Wakati ule mwigizaji aliimba mwenyewe mbele ya kamera, na watu wenye kifua cha kuimba na kuigiza kwa pamoja walikuwa tayari jukwaani.

Katika maigizo haya mhusika huzungumza kwa maneno ya kawaida, kisha jambo linapomchoma huingia kwenye padyam, yaani ubeti wenye vina na mizani ya kishairi, unaoimbwa kwa kuvuta sauti huku kinanda cha harmonia kikimfuata. Watazamaji wakikolewa hupiga kelele arudie, naye hurudia, hata kama onyesho lenyewe ni la kifo. Anayeona hapo hadithi imesimama hajaelewa utamu wake uko wapi. Kisa kila mtu anakijua tangu utotoni. Watu wamekuja kusikia ubeti ule ukisemwa na mtu huyu, usiku huu.

Na mtu aliyeimiliki nafasi ya Satyabhama alikuwa mwanamume. Sthanam Narasimha Rao, aliyezaliwa Bapatla mwaka 1902, alijulikana kwa kucheza wanawake, enzi ambayo familia nyingi hazikuruhusu binti kupanda jukwaani, ingawa Surabhi walikuwa tayari wana waigizaji wa kike. Hakuishia kuigiza maandishi ya mwingine. Alitunga wimbo wake mwenyewe, Meerajalagalada, ambamo Satyabhama anajitapa kwamba mumewe hawezi kukaidi neno lake. Mwaka 1956 serikali ya India ilimtunukia nishani ya Padma Shri.

Tulabharam ilifanywa filamu mwaka 1935, ikarudiwa mwaka 1955, na tena mwaka 1966. Hii ya mwisho, iliyoongozwa na Kamalakara Kameswara Rao, ndiyo ningemshauri mgeni aanze nayo. N. T. Rama Rao ni Krishna, Anjali Devi ni Rukmini, na Jamuna ni Satyabhama. Wimbo wa Sthanam umo, lakini sasa unabebwa na mwanamke. Kiburi kile alichokisuka mwanamume jukwaani, Jamuna anakivaa kwa shingo, nyusi na mwendo, na kamera inaweza kumsogelea kuliko mtazamaji yeyote wa kiti cha mbele.

Mtazame anapompiga Krishna teke la kichwa. Si uzushi wa sinema; tukio hilo limo katika utenzi wa Nandi Timmana, mshairi wa karne ya 16 katika baraza la mfalme Krishnadevaraya. Timmana anamfanya Krishna asikasirike hata kidogo: wasiwasi wake ni kwamba unyayo laini wa mkewe umechomwa na nywele zake. Kwangu mimi hapo ndipo penye moyo wa kisa chote, kuliko hata penye mizani. Mungu anayekubali kupigwa teke na mpenzi wake anaweza pia kukubali kunadiwa barabarani kama bidhaa ya bei poa, na Narada anamnadi kweli, tena kwa wimbo.

Asiyejua Kitelugu asihofu. Tega sikio pale mazungumzo yanapokatika na sauti kuanza kuvutwa, kisha usimwangalie anayeimba. Mwangalie anayeimbiwa, kwa sababu waigizaji hawa walifunzwa na jukwaa kujibu ubeti wa mwenzao kwa uso kabla zamu yao haijafika.