Kabla ya Bei ya Mfumo, Nionyesheni Leja

Bodi za Sacco, vyama vya akiba na mikopo, zinaponiita, iwe Kisumu, Kakamega au Nakuru, niwasaidie kuhamia mfumo wa kompyuta, swali la kwanza huwa bei ya mfumo mpya. La pili ni kama sava, kompyuta kuu inayotunza data, ikae ofisini au data ihifadhiwe mtandaoni. Hayo nayajibu haraka, kisha naomba kuona leja, yaani daftari za hesabu za wanachama. Hapo mkutano hupoa kidogo.

Kuhamisha rekodi za zamani ndiyo kazi inayoangusha miradi hii, na katika mikataba mingi niliyosoma imepewa mstari mmoja: muuzaji wa mfumo atahamisha data. Ataihamisha, ndiyo, pamoja na makosa yake yote, kama anayehamia nyumba mpya na kitanda chenye kunguni.

Chukua sajili ya wanachama. Mama aliyejiunga akiwa msichana yumo kwa jina la babake; alipokuja kukopa baada ya kuolewa, karani mwingine akamwandika kwa jina la mume. Nambari ya kitambulisho imekosewa tarakimu moja. Sasa hisa ziko kwa mtu mmoja na deni kwa mwingine, na wote ni yeye. Halafu kuna M-Pesa. Mwanachama analipa kwa paybill, nambari ya Sacco ya kupokea malipo, na pale pa nambari ya akaunti anaandika "mkopo", au jina lake la utani. Fedha hizo huangukia akaunti ya kusubiri, ya malipo ambayo mwenyewe hajajulikana, ambayo salio lake hata mhasibu hulieleza kwa kukohoa.

Programu inaweza kukuonyesha majina yanayofanana, lakini haijui kama ni mtu mmoja. Anayejua ni yule karani aliyekaa kaunta miaka mingi. Ndiyo maana nadai atolewe kaunta kabisa, apewe kazi hii peke yake, na kibarua ashike nafasi yake. Mameneja wengi huona huo ni ubadhirifu. Wanamwachia asafishe data jioni, akishafunga hesabu za siku, na mnajua jioni karani anataka nini: matatu ya kwenda nyumbani.

Riba nayo ina mambo yake. Tuseme mkopo ni shilingi 120,000, riba asilimia 12 kwa mwaka, muda miezi 12. Ukitoza riba juu ya kiasi cha mwanzo, jumla yake ni 14,400. Ukitoza juu ya salio linalopungua, mwanachama akirudisha 10,000 za mkopo kila mwezi, riba yote ni 7,800. Lakini ukigawa malipo yalingane kila mwezi, hulipa takriban 10,662, na riba inafika karibu 7,942. Njia hizo mbili za mwisho zote huitwa "salio linalopungua". Leja ikiwa imetumia moja na mfumo ukawekewa nyingine, kila mkopo utatofautiana kidogo, na wanachama watakuja na karatasi zao mkononi. Njia ipi itumike si uamuzi wa fundi wa kompyuta. Meneja wa mikopo aamue, bodi iandike katika kumbukumbu.

Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 pia inadai taarifa za watu ziwe sahihi, kwa hiyo usafi huu si hiari. Na kabla ya kumtumia muuzaji faili la wanachama "la majaribio tu", awe amesaini mkataba unaosema atalifanyia nini.

Siku ya kubadilisha mfumo, epukeni Januari ya karo, mwisho wa mwezi makato ya mishahara yanapoingia, na msimu wa gawio. Mimi hupenda wikendi ya katikati ya mwezi. Jumla za hisa, akiba na mikopo zilingane pande zote mbili, mfumo wa zamani na mpya, kabla mhasibu hajasaini. Zikikataa, Jumatatu mnafungua kwa mfumo wa zamani.

Wala msikimbilie kuchoma karatasi. Kule Mosoriot, karibu na Eldoret, kituo cha afya kilipoanza kuweka rekodi za wagonjwa kwenye kompyuta mwaka 2001, wahudumu waliendelea kujaza fomu na makarani wakaziingiza. Mfumo wa zamani pia ubaki ukisomeka, bila mtu kuweza kuuandika, angalau hadi wakaguzi wamalize hesabu za mwaka huo.