Kulainisha Maji ni Kufanya Nini Hasa?

Mama mmoja wa Kiamunyi, hapa Nakuru, aliniita nimtazamie kilainisha maji chake, yaani mashine ya kuondoa ugumu wa maji. Alisema kimekufa: chumvi haipungui pipani, na birika limeanza tena kushika ukoko. Nilifunua pipa nikakuta chumvi imejaa karibu na mdomo. Nikachukua mpini wa ufagio nikaukandamiza polepole. Ulipenya tabaka la chumvi iliyoshikana kama tofali, kisha ukazama ghafla, mkono wangu nao ukafuata. Chini palikuwa patupu. Chumvi ilikuwa imejenga dari, maji yako chini yake, hayagusani. Tuliivunja dari ile, tukaiamrisha mashine ijioshe, na kufikia jioni sabuni ilikuwa inatoa povu.

Nilipokuwa nakusanya spana aliniuliza, "Sasa fundi, watoto hawatapata tena yale madoa ya meno?"

Swali hilo liliniuma, kwa sababu pesa zilikwisha kutoka na mashine ile haikuundwa kwa kazi hiyo.

Maji magumu ni maji yaliyobeba kalsiamu na magnesiamu kwa wingi. Hizo mbili ndizo ugumu wenyewe. Maji ya mvua hayana ugumu. Huuokota ardhini yakipita kwenye miamba. Sabuni ikikutana na kalsiamu hushikana nayo ikawa utando mweupe unaoganda kwenye beseni, ndiyo maana unasugua kipande cha sabuni mpaka kinakwisha na povu hulioni. Ukiyachemsha, sehemu ya kalsiamu hujitenga ikawa ukoko kwenye birika na kwenye koili ya shawa ya umeme. Sehemu nyingine hubaki majini hata uchemshe mchana kutwa. Ugumu huhesabiwa kwa miligramu za kalsiamu kaboneti katika lita moja. Chini ya 60 ni laini, 61 hadi 120 ni wastani, 121 hadi 180 ni magumu, na kupita hapo ni magumu sana. Mashine za Kimarekani huandikwa kwa greni kwa galoni. Greni moja kwa galoni ni kama miligramu 17 kwa lita.

Hapa kwetu maji yoyote yenye ladha mbaya tunayaita maji ya chumvi, na hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia. Maji yanaweza kuwa na ladha ya magadi na bado yakawa laini kabisa.

Ndani ya ile chupa ndefu ya mashine mna resini: punje za rangi ya asali, ndogo kuliko wimbi. Kila punje imeshika sodiamu. Kalsiamu ikipita, punje huinasa na kuachilia sodiamu mahali pake. Punje zikishiba kalsiamu, mashine huvuta maji mazito ya chumvi kutoka pipani na kuyapitisha humo. Sodiamu kwa wingi wake huing'oa kalsiamu, ikamwagwa kwenye mtaro wa maji machafu, na kazi inaanza upya. Kwa hiyo kulainisha ni kubadilishana: kalsiamu imetoka, sodiamu imeingia. Vijidudu havijaguswa. Chumvi iliyokuwamo haijapungua. Na floraidi, ambayo ndiyo inayotia meno madoa, ina chaji hasi, ilhali punje hizi hushika chaji chanya peke yake. Inapita moja kwa moja mpaka kwenye kikombe cha mtoto.

Nakuru imekaa juu ya miamba ya volkano, na visima vingi vya Bonde la Ufa vina floraidi inayopita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Kuna jambo hapa ambalo ningependa kila mwenye kisima alijue. Kalsiamu na floraidi hazikai pamoja kwa wingi: penye kalsiamu nyingi hushikana zikawa madini na kutuama, na penye kalsiamu kidogo floraidi hubaki majini. Kwa hiyo maji ya kisima yanayotoa povu zuri, yale tunayoyasifu kuwa matamu kwa kufulia, huenda ndiyo yenye floraidi zaidi. Povu halikuhakikishii usalama. Kuchemsha nako hakuitoi. Maji yakipungua sufuriani, yaliyobaki huwa nayo zaidi. Kinachoitoa ni mkaa wa mifupa, njia ambayo Jimbo Katoliki la Nakuru limeieneza hapa kwa miaka mingi, au mtambo unaosukuma maji kupitia utando mwembamba sana. Ukiweza kuvuna maji ya mvua kwa ajili ya kunywa, vizuri pia. Madoa huingia jino likiwa bado linaundwa ndani ya ufizi, kwa hiyo yaliyokwisha kuonekana hayatafutwa na maji mapya. Anayeokolewa ni yule mdogo.

Basi kabla hujanunua, peleka chupa ya maji yako maabara, uombe ugumu, floraidi na chuma. Nyumbani unaweza kujaribu hivi: kamulia ndimu kwenye ukoko wa birika. Ukitoa mapovu na kuyeyuka, hiyo ni kalsiamu. Ukibaki pale pale, huenda ni silika, madini yanayounda mchanga, nayo ni nyingi kwenye maji ya volkano, na kilainisha hakiiondoi. Aliye Kisumu kwenye bomba la maji ya Ziwa Victoria hana haja ya mashine hii. Maji ya ziwa ni laini tangu mwanzo.

Ukubwa wa mashine ni hesabu ya dakika mbili. Chukua nyumba ya watu 5, kila mmoja akitumia lita 100 kwa siku: lita 500. Ugumu ukiwa 240, hiyo ni gramu 120 za ugumu kwa siku, gramu 840 kwa wiki. Lita moja ya resini hubeba kama gramu 50 kabla ya kuoshwa. Gawanya, unapata karibu lita 17. Nunua ya lita 20, ioshwe mara moja kwa wiki kwa kilo 2 hadi 3 za chumvi. Muuzaji anayetaja bei kabla ya kuuliza ugumu wa maji yako, mwache.

Kinachoangusha mashine nyingi kwetu ni presha. Maji ya kuosha huvuta chumvi kwa kupita kasi kwenye kitundu chembamba, na valvu nyingi huhitaji baa (kipimo cha presha) moja na nusu au zaidi. Tangi lililoinuliwa mita 10 hutoa baa moja tu. Lako liko mita 5 juu? Weka pampu ya kuongeza nguvu, la sivyo chumvi itakaa pipani miezi na maji yatabaki magumu.

Chumvi isiposhuka, piga dari kwa mpini kama tulivyofanya. Dari isipokuwepo, fungua kile kitundu ukisafishe. Tumia chumvi ya punje kubwa, na usijaze pipa kupita nusu. Stima ikipotea mara kwa mara, saa ya mashine huchelewa, nayo ikaanza kujiosha mchana mnapooga, maji magumu yakipita pembeni; irekebishe. Angalia pia kama kuna mtu aliyeacha wazi valvu ya kupitisha maji nje ya mashine, jambo ninalolikuta mara nyingi kuliko lolote. Punje za asali zikitoka bombani, kichujio cha ndani kimepasuka. Zikigeuka rangi ya kutu, kisima kina chuma, nacho kinahitaji chujio lake mbele.

Kila miligramu 100 za ugumu zinazotolewa huongeza miligramu 46 za sodiamu kwa lita, na mwenye shinikizo la damu au mwenye kumkorogea mtoto mchanga maziwa aliangalie hilo. Kwa mama wa Kiamunyi nilikata bomba la jikoni nikaliunganisha kabla ya mashine, nikaacha bafu na shawa kwenye maji laini. Chini ya sinki nilimwachia tawi moja lenye koki, limezibwa, likisubiri chujio la mkaa wa mifupa. Chupa ya maji ya kisima tuliijaza pamoja, akaandika tarehe kwenye plasta akaibandika.