Kabla ya kwenda kuwatembelea watoto kituoni

Ramadhani ikikaribia, na tena kuelekea Krismasi, simu za ofisi za ustawi wa jamii hapa Tanga hazipoi. Vikundi vya akina mama, wanafunzi wa vyuo na wafanyakazi wa maofisini wanataka kwenda kuwaona watoto waliotolewa mtaani. Nia hiyo tunaishukuru kwa dhati. Lakini malalamiko nayo yameongezeka: mlinzi katuzuia getini, msimamizi kakataa tusipige picha, tumeleta msaada wetu halafu tunadaiwa barua. Naomba nieleze.

Makao ya watoto huendeshwa kwa leseni chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na msimamizi huwajibika kwa kila anayevuka geti lake. Kwa hiyo tunaomba barua iandikwe kwa Mkurugenzi wa Jiji, imfikie afisa ustawi wa jamii mapema, si asubuhi ya siku yenyewe. Itaje siku, saa, madhumuni, aina ya msaada, na majina ya wote watakaokwenda pamoja na namba zao za NIDA. Mkijiandikisha watu kumi, mje hao kumi. Asiongezeke shemeji wala mpiga picha. Kwenye daftari la wageni kila mtu ajiandike mwenyewe, kiongozi asiwaandikie wote. Vitu vikabidhiwe kwa msimamizi na viingizwe kwenye leja, fedha zikatiwe risiti. Mtoto asipewe fedha mkononi. Utaratibu ni huohuo kwa vituo vya mchana, vile vyumba viwili vitatu vilivyo uswahilini ambako watoto huja kuoga, kula na kusoma kisha wakaondoka. Udogo wa kituo haumpi mtu ruhusa ya kuingia kama anaingia kijiweni.

Suala la picha ndilo linalotuumiza zaidi. Mtoto anasimamishwa mbele ya katoni za biskuti, anashikishwa soda ambayo bado haijafunguliwa, anaambiwa ataje jina lake, kijiji alikotoka na kilichomfanya akimbie nyumbani, kisha ashukuru. Kufika jioni video iko kwenye magrupu ya WhatsApp. Wengi wa watoto hawa walikimbia kipigo, na aliyekuwa akiwapiga naye ana simu. Video ya namna hiyo ni kumwelekeza mlango. Sheria ya Mtoto inakataza kumtendea mtoto mambo ya kumdhalilisha, na anayevunja haki za mtoto zilizomo katika Sehemu ya Pili ya sheria hiyo anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kufungwa kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Juu yake kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Kufunika macho ya mtoto kwa kijikatuni huku sauti yake inataja jina hakumfichi. Na jamani, "tulikuwa tunahamasisha wengine" si utetezi.

Waongoza wageni nao wanaombwa wasikilize. Mgeni mwenye viza ya matembezi hawezi kuingizwa kituoni kujitolea kufundisha au kulea. Kazi ya kujitolea ina kibali chake cha ukaazi, daraja C, na kinaombwa Uhamiaji. Wala kupitisha msafara wa wageni vichochoroni kutazama umaskini wa watu si utalii tunaoweza kuuruhusu.

Kuna dhana nyingine ambayo imekuwa sugu: kwamba kila mtoto aliyeko kituoni ni yatima, na kwamba ukimpenda unaondoka naye. Wengi tunaowahudumia wana mama, baba, bibi au shangazi, Handeni, Korogwe, Lushoto. Kulea kuna taratibu zake kupitia ustawi wa jamii, na kuasili, yaani kumfanya mtoto wa mwingine kuwa wako kisheria, huamuliwa na mahakama. Kazi yetu kubwa ni kuwatafuta ndugu, kuzungumza nao, kupatanisha, kisha kumrudisha mtoto na kumfuatilia akiwa kwao. Hapo ndipo fedha hupelea. Nauli ya basi ya mtoto na afisa, kwenda na kurudi, na pengine safari ya pili ya kumjulia hali, haina mtu wa kuichangia kwa sababu haipendezi pichani. Kikundi kitakacholipia nauli hizo, au sabuni na madaftari ya miezi mitatu mfululizo, kimemsaidia mtoto kuliko pilau la siku moja.

Ukimkuta mtoto amelala stendi ya Kange usiku, au anabeba mizigo sokoni Mgandini saa za shule, usimchukue kwenda naye nyumbani kwako na usimpeleke kituo unachokijua wewe. Piga 116, namba ya huduma kwa mtoto, haina malipo. Au nenda dawati la jinsia na watoto katika kituo cha polisi. Mwambie atakayekupokea mahali alipo mtoto, umri unaoukadiria na hali yake, na kama unaweza, kaa naye hapo hadi mtu wetu afike.