Kaburi la Mwanajeshi wa Anga Kanisani: Tafuta kwa Tarehe

Vijiji vya Lincolnshire, Uingereza, vilizungukwa na viwanja vya ndege za mabomu wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na makaburi ya wanajeshi wa anga bado yapo kando ya makanisa yake. Jiwe la Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola lina kimo cha sentimita 81 na upana wa 38. Nakili kila kilichochongwa: namba ya utumishi, cheo, kazi yake ndegeni, jeshi, tarehe. Usikwangue kuvu wala kupaka chaki, maana jiwe huharibika. Piga picha jua likiwa ubavuni, herufi zijitokeze kwa kivuli chake.

Skwadroni, yaani kikosi chake cha ndege, haichongwi. Itafute katika hifadhidata ya Tume kwa namba ya utumishi, si kwa jina; akina Smith ni wengi mno.

Wengi hukwama kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Uingereza, Kew, London. Wanafungua vitabu vya skwadroni, vilivyo katika kundi la nyaraka AIR 27, na hawamwoni mtu wao. Huenda alikuwa bado mafunzoni. Ajali za mafunzo ziliua maelfu, na vitengo hivyo viko AIR 29. Tarehe nayo hupotosha: ndege iliyoruka jioni ya tarehe 10 ikaanguka alfajiri huweza kuandikwa 10 kitabuni na 11 kwenye jiwe. Soma siku zote mbili. Kitabu cha maziko cha parokia huandika siku ya kuzikwa, si ya kufa.

Ndege ya mabomu ya Lancaster kwa kawaida ilibeba watu 7. Ukikuta makaburi 4 ya siku moja, usidhani umemaliza. Familia za Uingereza ziliweza kuchukua mwili zikazike kwao, ilhali Wakanada na Waaustralia walizikwa karibu na kituo. Kwa hiyo rudi kwenye hifadhidata, tafuta kwa tarehe peke yake, kisha linganisha kazi za waliofariki. Wasio na kaburi wanatajwa kwenye mnara wa kumbukumbu wa Runnymede, wenye majina zaidi ya 20,000. Wengine walipona tu.

Na kama kitabu cha maziko kina jina lakini kaburi halipo? Angalia uraia. Wamarekani walihamishwa baada ya vita, na Wajerumani wengi walipelekwa kwenye makaburi ya Wajerumani ya Cannock Chase, Uingereza, miaka ya 1960.

Akiwepo Mwaustralia ndegeni, anza na jalada lake katika kundi la nyaraka A705 kwenye hifadhi ya nyaraka ya Australia. Mara nyingi humo mna maelezo ya ajali na majina ya wenzake wote.