Vitabu vya mazingaombwe na vya kudai ushahidi: yanayosemwa na yalivyo

Inasemwa kwamba vitabu vya mazingaombwe ni vya burudani, na vya kuhoji madai ya miujiza ni vya wasomi, havihusiani.

Vimehusiana tangu mwanzo. Mwaka 1584 Reginald Scot, mwenyeji wa Kent huko Uingereza, alichapisha *The Discoverie of Witchcraft* ili kuwatetea watu, wengi wao wanawake wazee na maskini, waliokuwa wakihukumiwa kwa tuhuma za uchawi. Alitaka kuthibitisha kwamba jambo likikushangaza si lazima shetani awe nyuma yake. Kwa hiyo katika sehemu ya 13, kati ya sehemu 16, akaeleza jinsi viinimacho vya wachezaji wa sokoni vinavyofanyika: sarafu inayotoweka mkononi, kamba iliyokatwa ikarudi nzima, kisu kinachopenya mkono. Kisu chenyewe alikichora. Katikati yake kuna pengo lililopinda ambalo mkono unaingia, na nguo inaficha mpindo. Kichwa kilichokatwa na kuwekwa kwenye sahani kinahitaji watu wawili: mmoja analala juu ya meza na kuteremsha kichwa chake ndani ya tundu, mwingine amejificha chini na kuchomoza chake kwenye tundu la pili. Mwaka 1597 Mfalme James wa Uskoti alimshambulia Scot kwa jina katika kitabu chake mwenyewe. 

Ukitaka kuisoma sehemu hiyo, tahajia ya Kiingereza cha zamani itakuchosha kurasa za mwanzo. Isome kwa sauti, maneno mengi yatafunguka.

Inasemwa kwamba siri za mazingaombwe hazichapishwi, na anayezichapisha amewasaliti wenzake.

Zimekuwa zikichapishwa kwa zaidi ya miaka 400, na mara nyingi na wenye fani. *Modern Magic* cha mwaka 1876, kilichowafundisha wengi Uingereza, kiliandikwa na mwanasheria Angelo Lewis kwa jina la Professor Hoffmann. Kinachokuzuia si siri, ni mazoezi.

Inasemwa kwamba anayeanza aanze na kitabu maarufu kuliko vyote.

Hili ndilo kosa linalowakatisha tamaa wengi, kwa hiyo tulieleze kwa kirefu. Kitabu cha karata kinachotajwa sana ni *The Expert at the Card Table*, kilichotoka mwaka 1902 kwa jina la S. W. Erdnase. Nusu yake ya kwanza inahusu hila za wacheza kamari, maelezo yake yamebanana, na mkono ambao haujazoea karata hautayafuata. Ni kitabu kizuri sana kwa mtu wa mwaka wa tatu au wa nne.

Anza na *The Royal Road to Card Magic* cha Jean Hugard na Frederick Braue. Kimepangwa kama ngazi: kila sura ina ustadi mmoja, kisha michezo inayoutumia huo huo. Sura ya kwanza ni kuchanga karata mkononi tu, jambo unalodhani unalijua, hadi ugundue kwamba unaweza kuchanga huku karata moja ikibaki pale pale unapoitaka.

Namna ya kukisoma ni hii. Kaa na karata zote 52 mkononi, kitabu kikiwa wazi mezani, na usisogee sentensi ya pili kabla vidole havijafanya ya kwanza. Waandishi wanachukulia kwamba wewe unatumia mkono wa kulia. Wa kushoto ageuze kila "kulia" na "kushoto" kwa penseli kabla hajaanza. Chukua ustadi mmoja na michezo miwili ya sura hiyo, basi. Anayesoma michezo kumi usiku mmoja hatafanya hata mmoja mbele ya watu, kwa sababu akili itakuwa inakumbuka hatua huku vidole navyo vinataka kuangaliwa. Akitazama mkono wake, watazamaji wote watautazama. Kipimo cha kuwa tayari ni kuweza kufanya kitendo hicho huku ukisimulia jambo lingine bila sauti kusita.

Kufanya mazoezi mbele ya kioo kuna hatari yake. Wengi hujizoesha kupepesa macho sekunde ile ile ya hila, wakajidanganya wao wenyewe kwamba haionekani. Weka simu kwenye kimo cha macho ya mtazamaji, rekodi, halafu tazama. Kisha sogeza simu kushoto na kulia, kwa sababu kilichofichika kwa aliye mbele yako mara nyingi kiko wazi kwa aliyekaa pembeni.

Kwa sarafu, *Modern Coin Magic* cha J. B. Bobo, cha mwaka 1952, bado kinatosha. Ila michoro yake inafikiria nusu dola ya Marekani, yenye upana wa milimita 30.6. Sarafu zetu za shilingi ni ndogo zaidi, hivyo ile ya kubanwa katikati ya kiganja kwa misuli ya kidole gumba itakuponyoka. Tafuta kubwa kuliko zote yenye ukingo wa mikwaruzo, au anza na njia za kuikalisha kwenye vidole.

Inasemwa kwamba mtu aliyesoma sana, hasa mwanasayansi, hadanganyiki kirahisi.

Kuanzia mwaka 1979, vijana wawili wenye ujuzi wa mazingaombwe waliingia maabara ya Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, Marekani, wakijifanya wana nguvu za ajabu. Walikuwa wamepangwa na James Randi, mwanamazingaombwe aliyekuwa tayari amewaandikia watafiti tahadhari za kuzuia udanganyifu. Vijiko vya majaribio vilitambulishwa kwa lebo zilizofungwa kwa uzi. Vijana walibadilisha lebo, kijiko kikapimwa mara ya pili kwa jina la kingine, na vipimo vikaonyesha "kimepinda". Mambo yalifichuliwa mwaka 1983. Mwanasayansi amezoea vitu visivyomdanganya kwa makusudi: joto halina nia.

Ndiyo maana tunapendekeza *Flim-Flam!* cha Randi, cha mwaka 1980, na *The Faith Healers*, cha mwaka 1987. Hiki cha pili kinaeleza jinsi mhubiri wa Marekani, Peter Popoff, alivyokuwa akitaja majina na magonjwa ya waumini asiowajua. Mkewe alimsomea kwa redio taarifa zilizokusanywa kabla ya ibada, naye alizisikia kwa kifaa kidogo sikioni. Mawimbi yalinaswa mwaka 1986 kwenye megahezi 39.17. Angalia njia iliyotumika: Randi hakubishana na imani ya mtu, alitafuta habari ilipitia wapi.

Inasemwa kwamba mpiga ramli anayekutajia mambo yako lazima awe anajua kitu.

Mwaka 1948 mwanasaikolojia Bertram Forer aliwapa wanafunzi 39 maelezo ya tabia, kila mmoja akidhani yameandikwa kwa ajili yake. Yote yalikuwa karatasi moja, sentensi zikitoka kwenye kitabu cha nyota. Wastani wa alama walizoipa kwa usahihi ni 4.26 kati ya 5. Jaribu mwenyewe: andika sentensi kumi za aina ya "una uwezo ambao hujautumia", wape watu watano, na uwakataze kuonyeshana hadi wamalize kutoa alama. Wakionyeshana mapema jaribio limekufa.

Inasemwa kwamba mwandishi akishafichua uongo wa wengine, yeye anaaminika.

Mwanamazingaombwe Houdini alichukua jina lake kutoka kwa Mfaransa wa fani hiyo hiyo, Robert-Houdin, kisha mwaka 1908 akamwandikia kitabu kizima cha kumshusha, *The Unmasking of Robert-Houdin*. Kina picha na mabango ya thamani kubwa, na hukumu nyingi zisizo za haki. Kwa upande wake Robert-Houdin, akisimulia katika kitabu cha maisha yake safari yake ya Algeria ya mwaka 1856 na lile sanduku lililozuiwa na sumaku ya umeme lisiinuliwe, anajipamba sana; wakoloni waliomwita walikuwa na sababu zao za kuipenda hadithi hiyo. Visome vyote viwili, kimoja baada ya kingine. Ongeza *The Rise of the Indian Rope Trick* cha Peter Lamont, cha mwaka 2004. Kinaonyesha jinsi ile kamba ya India inayosimama angani ilivyopata umaarufu kutokana na habari ya kubuni ya gazeti la Chicago Tribune la mwaka 1890. Gazeti lilikiri miezi minne baadaye, lakini wakati huo tayari kulikuwa na watu wanaoapa kwamba waliiona kwa macho yao.