Kumpima Akili Kiongozi kwa Kumtazama Runingani

Kila msimu wa kampeni, sisi tunaotibu magonjwa ya akili huulizwa: "Daktari, yule mheshimiwa yuko sawa kweli?" Muulizaji kaona kipande cha video WhatsApp. Jibu letu huwaudhi wengi: kwa njia hiyo hatuwezi kujua.

Magonjwa mengi ya akili hayana kipimo cha damu cha kuyathibitisha. Daktari hukaa na mtu, humsikiliza, huuliza habari za usingizi, ukoo na dawa anazotumia, na mara nyingi huzungumza na watu wa nyumbani kwake. Sukari ikishuka mwilini, mtu mwenye akili timamu anaweza kuonekana kachanganyikiwa. Isitoshe, mwanasiasa akiwa jukwaani yuko kazini. Hasira na machozi yake huenda vimepangwa tangu jana.

Marekani walilijua hili kwa aibu. Mwaka 1964 jarida la Fact liliwapelekea madaktari wa akili 12,356 dodoso: je, Barry Goldwater, mgombea urais wa chama cha Republican, anafaa kisaikolojia kuwa rais? Walijibu 2,417; kati yao 1,189 walisema hafai. Walimhukumu bila kumchunguza. Goldwater akashtaki, na mahakama ikaamuru alipwe dola 1 ya fidia na dola 75,000 za adhabu. Mwaka 1973 chama cha madaktari hao kikaweka kanuni: usitoe maoni ya kitaalamu kuhusu akili ya mtu ambaye hujamchunguza na hajaridhia.

Kanuni hiyo ina wapinzani hata miongoni mwetu. Husema kukaa kimya mbele ya kiongozi wa hatari nako ni kosa. Hoja hiyo ina uzito, lakini ukatili, uongo na wizi wa mali ya umma havihitaji daktari kuvitambua. Tena kalamu yetu imewahi kutumika vibaya: katika Umoja wa Kisovyeti, wapinzani wa serikali waliandikiwa skizofrenia, ugonjwa mzito wa akili unaomfanya mtu apoteze uhalisia, na kufungiwa hospitalini.

Palipo na shaka ya kweli, sheria ina njia. Ibara ya 37 ya Katiba ya Tanzania inaliruhusu Baraza la Mawaziri kumwomba Jaji Mkuu athibitishe kwamba Rais hawezi kumudu kazi kwa maradhi ya mwili au akili. Jaji Mkuu huteua bodi ya wataalamu, na madaktari hao humchunguza mtu mwenyewe.

Wanaoumia zaidi na porojo hizi ni wagonjwa wetu, kwa sababu "mgonjwa wa akili" hugeuzwa tusi. Mwaka 1972 Thomas Eagleton, mgombea mwenza wa urais Marekani, alijiondoa baada ya siku 18 tu, ilipojulikana kwamba aliwahi kulazwa kwa sonona, ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha. Ukiyaona hayo, nawe ni kiongozi, utaenda kliniki?

Norway ilikuwa tofauti. Mwaka 1998 Waziri Mkuu Kjell Magne Bondevik alitangaza hadharani kwamba anaugua sonona, akapumzika wiki tatu na ushei, akarudi ofisini. Mwaka 2001 akashika tena uwaziri mkuu.